Seti ya leza ya kufyatulia nyumbani: mwaka mzima bila klabu, nasemaje

Anayetaka jibu fupi achukue hili aende zake: nyota tatu kati ya tano. Na katika hizo tatu, mbili ni za kale kataima kadogo (kifaa cha kulia mlio wa kuanza na wa kumaliza) ambako nilikuwa karibu nikatupe pamoja na boksi.

Sasa habari yenyewe. Mi napenda mechi za bastola zile za kukimbia, sio zile za kusimama mahali pamoja unapumua taratibu unatoboa karatasi (naziheshimu sana lakini usingizi unanishika), nazungumzia IPSC (shirikisho la kimataifa la mechi hizo) na ndugu zake, ambapo unasimama umeacha mikono, mlio unalia, unachomoa, unapiga kila shabaha unayoiona ukizunguka kuta na mapipa, kisha pointi zako zinagawanywa kwa sekunde ulizotumia. Ndo hesabu yote hiyo. Ukipata pointi 60 kwa sekunde 10 una 6, mwenzako akipata 54 kwa sekunde 8 ana 6.75, kakupita, na karatasi zake chafu kuliko zako. Lakini ukikosa kabisa unakatwa 10, kwa hiyo na kukurupuka nako hakulipi. Utamu wa mchezo uko hapo hapo, kwenye kujua ukaze wapi na ulegeze wapi, na hicho kitu hakisomwi kwenye karatasi, kinataka mwili uzoee.

Shida yangu ni moja, klabu iko mbali. Masaa manne kwenda, manne kurudi, na hapo gari isisumbue. Nikijitahidi sana nafika mara moja kwa miezi miwili, mara nyingi ni siku ya mechi yenyewe. Kilicho karibu na mimi ni uwanja wa kawaida wa vibanda, unasimama kwenye kibanda chako, kuchomoa kutoka kiunoni hairuhusiwi, kupiga haraka haraka hairuhusiwi, ukisogea hatua moja pembeni unaitwa kwa kipaza sauti. Siwalaumu, ndo sheria yao na wana sababu. Ila mtu wa mechi za mwendo pale ni sawa na mchezaji mpira aliyeruhusiwa kupiga penati tu.

Ndo nikanunua hii seti. Jina la kampuni silitaji maana nina manung'uniko na sitaki ugomvi, na isitoshe ziko nyingi zinafanana kama pacha. Ndani ya boksi kulikuwa na risasi ya leza saizi ya 9 mm, stendi ndogo ya simu, karatasi kumi na mbili za shabaha, programu ya kupakua kwenye simu, na taima. Tangazo lake lilikuwa linaahidi kama vile klabu nzima imekunjwa ikatiwa humo.

Inavyofanya kazi ni rahisi. Ile risasi ya leza inakaa kwenye chemba kama risasi ya kweli, nyuma ina kitufe chenye raba, pini ya bastola ikigonga pale leza inawaka kufumba na kufumbua, doti nyekundu inatokea kwenye karatasi, kamera ya simu inaidaka, programu inakuandikia umepiga wapi na umetumia muda gani. Mara ya kwanza nilicheka peke yangu kama mtoto. Nilifyatua mpaka saa sita usiku, mume wangu akaja mlangoni akasimama, nikamwambia moja ya mwisho, akasema hiyo ya mwisho umeisema tangu nusu saa iliyopita mama.

Wiki tatu za kwanza nilijiona bingwa. Kuchomoa hadi risasi ya kwanza nilianza na sekunde 2.1, nikashuka mpaka 1.4 programu ikinipongeza na vinyota, doti zote ziko katikati. Nikaenda mechi kifua mbele.

Jamani. Nilikuwa wa chini kuliko mwaka uliopita. Kuchomoa kulikuwa kuzuri kweli, hilo silikatai, ila shabaha ya pili, ya tatu, ya nne, nachelewa, na sijui nachelewa wapi, mwilini nahisi niko kasi. Tulipokuwa tunabandika karatasi mzee mmoja wa kundi letu, mtu wa miaka mingi kwenye huu mchezo, akanivuta pembeni.

"Binti, ukishafyatua unatafuta nini kule?"

Nikamwambia sitafuti kitu, shikamoo mzee, napiga tu.

"Marahaba. Hapana, kila ukifyatua unainua kichwa kidogo hivi," akanionyesha, akanyanyua kidevu kama mtu anayechungulia dirishani, "halafu ndo unahama. Kila risasi. Nimekuhesabu."

Nikarudi kwenye video aliyonirekodi mwenzangu nikaona aibu ya mwaka. Ni kweli. Risasi, chungulia, hama. Risasi, chungulia, hama. Nilikuwa natafuta doti nyekundu! Wiki tatu nzima leza ilinifundisha kuangalia karatasi nione kama imewaka, wakati kwenye huu mchezo jibu la risasi unatakiwa kulipata kwenye kilengeo pale pale inapotoka, kilengeo kilikuwa wapi bastola ilipoanza kunyanyuka, basi ushajua imeenda wapi, macho yashaondoka kwenda kwa inayofuata. Hicho kichungulio changu kilikuwa kinakula labda robo ya sekunde, zidisha kwa risasi ishirini na kitu za steji moja (raundi moja ya mechi) uone.

Na hili halimo popote kwenye kikaratasi cha maelekezo. Yaani kifaa kinatengenezwa ili uangalie doti, programu yote imejengwa juu ya doti, na doti ndo sumu yenyewe. Nilichofanya ni kugeuza simu iangalie ukuta, kisha baada ya siku mbili nikaitoa kabisa leza nikaweka risasi bandia ya plastiki. Kuondoa hiyo tabia kulinichukua muda mrefu kuliko kuipata, kama kawaida ya tabia mbaya.

Haina maana leza haifai kitu. Kuna kazi moja inaifanya vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kutumia nayo ni kukuonyesha kidole chako kinavyosema uongo. Leza haiwaki kwa nukta tupu, inawaka kwa muda mfupi sana lakini muda upo, kwa hiyo bastola ikiwa imetulia unaona nukta, ikiwa inasogea wakati unavuta triga unaona kamstari. Kamstari kangu kalikuwa kanashuka kushoto, kila mara, kama mkia wa koma. Mi ni wa mkono wa kulia, na huo mkia maana yake nilikuwa nakaza ngumi nzima pamoja na kidole. Nilishaambiwa hivyo mara mia na sikuwahi kuamini mpaka nilipouona ukutani kwangu mwenyewe. Sasa hivi leza natoa mara moja kwa wiki, mizunguko ishirini ya polepole, kwa jicho sio kwa programu, naangalia mkia upo au haupo, narudisha kwenye droo.

Programu yenyewe ina mambo yake. Ikiingia jua la dirishani haioni nusu ya doti, ikiona inaziweka mahali si penyewe. Ukigusa stendi kidogo tu unaanza upya kuipimia karatasi. Muda inaosoma nao usiuamini hadi nukta za mwisho, kamera nyingi za simu zinachukua picha 30 kwa sekunde, kwa hiyo kati ya picha na picha kuna kama sekunde 0.03 ambazo haijui kilichotokea, halafu ongeza na muda wa simu yenyewe kufikiri. Kwa mtu anayejipima na jana yake inatosha, kwa mtu anayetaka kujilinganisha na mshindani wa kweli ni kujidanganya.

Kingine, leza yangu haikunyooka. Niligundua kwa bahati, nikaizungusha kidogo ndani ya chemba, doti ikahama. Nikaizungusha mzunguko kamili kwenye mita tano, doti ikachora duara la upana wa vidole viwili hivi. Nikawaandikia, wakanijibu ni ndani ya kiwango kinachokubalika, nitumie programu kurekebisha. Nikarekebisha. Kila nikitoa na kurudisha leza inabidi nirekebishe tena, basi nikaweka alama ya rangi ya kucha kwenye kitako chake ili kila siku iingie imekaa vile vile. Betri ni tatu ndogo za kitufe kama za saa, hazikai sana, na ile raba ya nyuma iliisha miezi mitano ikaanza kuwaka mara moja kwa kufyatua mara tatu.

Alafu kuna suala la triga ambalo anayenunua lazima alijue. Bastola yangu ni Glock, ukishavuta triga mara moja inabaki nyuma imekufa mpaka uvute slaidi. Kwa hiyo zile habari za kupiga risasi mbili kwa kila shabaha na leza, sahau, utapata doti moja, ya pili unavuta hewa. Mwenye bastola ya nyundo yenye triga ya kuvuta mara mbili, mfano CZ Shadow 2, anaweza kurudia kuvuta bila kukoki, japo ule uvutaji mrefu ni mzito kuliko atakaoutumia baada ya risasi ya kwanza mechini. Mi nilichozoea ni kuvuta ile ya kwanza kwa uangalifu wote, zinazofuata navuta triga iliyokufa kwa nguvu ile ile huku naangalia kilengeo kama kinatikisika. Na kama bastola yako ni ya .22 zile za kugongwa ukingoni, usifyatue kavu hivi hivi bila kitu kwenye chemba, pini inaweza kugonga ukingo wa chemba na kuuharibu.

Haya, taima.

Kamekaa kwenye boksi wiki tatu sijakafungua plastiki, maana nilijua simu inafanya kila kitu. Ni kakubwa kama kiberiti, kana vitufe vitatu na kelele ya kukera. Kazi yake ya maana ni moja tu, unakawekea muda, tuseme sekunde 2, ukibonyeza kananyamaza kwa muda usioutegemea, mara sekunde moja mara tatu, halafu kanalia, na baada ya sekunde 2 kanalia tena. Hakasikii ule mlio mdogo wa triga kavu, hakajui umepiga wapi, hakapongezi mtu. Mlio wa kwanza unaanza, mlio wa pili unakukuta ulipo. Unakukuta umemaliza au unakukuta na aibu yako.

Na hapo ndo mazoezi yalipoanza kweli. Kuchomoa hadi kuona kilengeo kimetulia na triga imevutwa, sekunde 2, mara kumi. Ikiwa rahisi, 1.9. Ikiwa rahisi, 1.8. Nikifika mahali nashindwa kabisa, mfano 1.2, nafanya hivyo hivyo mara chache ovyo ovyo ili mwili ujue kasi inafananaje, narudi 1.5 naona kama nina muda wa kunywa maji. Naandika kwenye daftari, tarehe, zoezi, muda niliofaulu mara saba kati ya kumi. Dakika kumi na tano kila siku, siku tano kwa wiki. Zaidi ya hapo mikono inachoka nikaanza kufundisha mwili uzembe.

Uongo wa taima uko sehemu moja, kwamba inategemea uaminifu wako. Mlio wa pili ukilia na triga umeshavuta lakini kilengeo kilikuwa kinaelea pembeni ya shabaha, hakuna wa kukukamata. Leza ingekukamata. Nimejiwekea sheria kwamba nikiwa na shaka ni kosa, na kwa kweli kuna siku nzima zinaishia makosa matupu, nafunga daftari nikiwa nimenuna.

Vitu gani nafanyia: kuchomoa, kubadili magazini, kuhama kutoka shabaha moja kwenda nyingine, na kuingia na kutoka kwenye kituo (mahali unaposimama kupigia). Kubadili magazini ndo kumenipandisha kuliko vyote na hakuhitaji hata nafasi, unasimama mbele ya kitanda ili magazini ianguke kwenye godoro usivunje vigae. Siri niliyoipata ni kuangalia mdomo wa bastola unapoingia magazini, uangalie kwa macho kabisa, sio kupapasa. Magazini tupu ni nyepesi haiangukii kama ya kweli, nimejaza mbili risasi bandia zikawa na uzito unaokaribia.

Shabaha zile za karatasi za kwenye seti ni miduara ya rangi, nzuri kwa ukuta wa chumba cha mtoto. Mechini hakuna miduara. Nimekata zangu kutoka kwenye kadibodi la boksi la hiyo hiyo seti (angalau boksi limefaa), umbo la shabaha ya IPSC kwa theluthi moja ya saizi yake. Hesabu inakuwa nyepesi, ukisimama mita 3 unaiona kama ya kweli iliyoko mita 9, ukisimama mita 5 ni kama mita 15. Bandika tatu au nne kwa urefu tofauti, moja nusu imefichwa nyuma ya kingo ya kabati, moja na nyeupe ya kukatazwa (usiyotakiwa kuipiga) mbele yake, tayari una steji. Mistari ya alama za A, C na D (A ndo ya katikati yenye pointi nyingi) kwenye zile za kweli huioni kwa mbali, na kwenye zangu nimeichora kwa penseli hafifu ili nisizoee kuiona.

Kwenye mwendo, msijidanganye kwamba mtakimbia ndani ya nyumba. Nina korido ya hatua tano. Nimebandika selotepu chini kuonyesha mwanzo wa kituo, na zoezi ni kwamba bastola iwe imeshanyanyuka na kilengeo kiko kwenye shabaha kabla mguu wa mwisho haujatua, magoti yamelegea, sio kufika, kusimama, kupumua, ndo unyanyue. Sekunde zinazopotea kwenye mechi za watu wa kiwango changu ziko hapo, wala si kwenye kufyatua. Na kwenye kuta mbili za pembeni nimebandika karatasi nyekundu kuonyesha mwisho wa digrii 90, maana mi nikienda kushoto huku nabadili magazini mtutu unapenda kwenda kuchungulia nyuma, na mechini ukivuka hapo refa anakusimamisha, unafungasha, siku imeisha. Kidole ndani ya ulinzi wa triga huku unatembea, hivyo hivyo. Nimeona watu waliosafiri siku nzima wakitolewa steji ya kwanza.

Nije kwenye kitu ambacho kwangu kinaishusha hii seti nyota nzima peke yake. Usalama umeandikwa nusu mstari. Hakikisha silaha ni tupu. Basi!

Mwezi wa saba hivi nilitoka uwanja wa vibanda, nikala, nikavaa mkanda nikaanza mazoezi ya magazini. Leza ilikuwa droo, chemba tupu nimeangalia, nimegusa na kidole kabisa. Nikachomoa magazini ya pili kiunoni, na mkono ukaniambia kitu. Uzito. Sikuwa nimefikiri chochote, mkono ndo ulisimama wenyewe. Nikaiangalia, risasi tatu za moto zinanimulika juu pale, shaba safi. Nilikuwa nimebakiza uwanjani nikasahau. Ningeiingiza, nikavuta slaidi kama ninavyofanya kila mzunguko, nikaelekeza kwenye kadibodi la ukutani, na nyuma ya ule ukuta ni chumba cha watoto. Nilikaa chini kwenye korido muda mrefu.

Tangu siku hiyo risasi za moto zinafungiwa chumba kingine kabla mkanda haujagusa kiuno, magazini za mazoezi zina selotepu ya bluu chini na za uwanjani hazina, chemba na kila magazini naangalia na kugusa, kisha nafanya tena. Shabaha ziko kwenye ukuta ambao nyuma yake ni nje na kilima cha udongo. Na nikimaliza nasema kwa sauti "mazoezi yameisha", natoa shabaha ukutani, ndo narudisha risasi. Ile "moja ya mwisho" baada ya kusema yameisha, hiyo hakuna tena kwangu, hata kama mzunguko wa mwisho ulikuwa mbovu.

Leza nayo ina kituko chake. Hii yangu haina ukingo wa kushikwa na kivutio cha ganda, ukivuta slaidi inabaki ndani, ni raha kwa mazoezi. Sasa siku moja nimefika uwanjani, naingiza magazini, naachia slaidi, haifungi. Naipiga kofi, haifungi. Msimamizi akaja, akatoa, akachungulia, akaniangalia, akaingiza kijiti kwa mbele ya mtutu ikadondoka leza mkononi mwake. Hakusema kitu. Nashukuru ilikataa kufunga badala ya kitu kingine.

Kisichowezekana nyumbani, na hapa hakuna boksi litakalokusaidia, ni teke, ule mruko wa bastola risasi ikitoka. Kavu hakuna teke, na mikono ina akili ya uvivu, baada ya mwezi mmoja wa kavu tupu mshiko unalegea bila wewe kujua maana hakuna wa kuuadhibu. Kwa hiyo mara moja kwa mwezi naenda vibandani na risasi 50. Kumi za kwanza polepole kwenye umbali mrefu kuona kama bado najua kulenga. Zilizobaki ni za mshiko, naanza bastola imeshushwa usawa wa meza, napandisha, risasi mbili. Wakiwa hawana watu wengi yule msimamizi (yule yule wa leza) ananiruhusu sita mfululizo, ile inayoitwa Bill Drill, sita kwenye A mita kama sita na nusu, ila kwangu bila kuchomoa. Hapo ndo unajua mkono wa kushoto ulikuwa unafanya kazi au ulikuwa msindikizaji.

Wengine wataniuliza mbona usinunue bastola ya gesi ya vidonge vya plastiki. Ni swali zuri, na kama sheria za ulipo zinaruhusu ningesema angalia hiyo kabla ya leza. Slaidi inarudi, triga inarudi, unapiga mbili mbili bila kukoki, unaona tundu kwenye karatasi. Mjapani Tatsuya Sakai alishinda Steel Challenge, mashindano ya kupiga shabaha za chuma kwa kasi, mwaka 2004 huko Marekani huku mazoezi yake makubwa ya nyumbani yakiwa ya hizo hizo za gesi, kwa sababu Japani raia kupata bastola ya kweli ni karibu na haiwezekani. IPSC wenyewe wana mchezo wake kabisa, Action Air, na mashindano ya dunia ya kwanza yalifanyika Hong Kong 2018. Kinachokosekana ni lile teke na uzito kamili wa risasi kwenye magazini, pamoja na kwamba vidonge utavikuta kwenye viatu mpaka mwaka unaofuata.

Matokeo? Napima kwa El Presidente kila nikifika klabu, ile ya zamani ya Jeff Cooper, huyo huyo aliyekuwa rais wa kwanza wa IPSC ilipoanzishwa Columbia, Missouri mwaka 1976. Shabaha tatu, mita kama tisa, umegeuka mgongo, mlio, unageuka, mbili mbili mbili, unabadili magazini, mbili mbili mbili. Zamani sekunde 10 ilionekana ni nzuri, wakali wa siku hizi wanashuka chini ya 5. Kabla ya seti nilikuwa 11.3 na C nyingi. Baada ya zile wiki tatu za leza, 10.9, yaani nilichopata kwenye kuchomoa kiliishia kwenye kuchungulia. Mwezi uliopita 7.8, A tisa na C tatu. Yule mzee alikuwa ameshika taima. Akanionyesha namba, akasema "kidevu kimetulia", akaenda kubandika.

Kwa hiyo anunue nani. Kama unaanza kabisa na hujui kuvuta triga, leza itakufaa mwezi wa kwanza, ila geuza simu. Kama unapiga vizuri tayari na kinachokukwamisha ni mechi, chukua taima peke yake, na kama huna hata ya taima kuna programu za taima za bure kwenye simu zenye mlio wa kwanza na wa pili, ongeza sauti tu na spika isiwe mbali. Kadibodi unalo. Na ukishaamua kuinunua seti nzima agiza raba za nyuma za akiba pamoja nayo siku hiyo hiyo, mi niliziagiza baadaye zikaja za saizi ya .40, mpaka leo nasubiri wazibadilishe.